Maproo au wachezaji wa ndani: timu ya taifa ijengwe juu ya nani?

Desemba 10, 2022, uwanja wa Al Thumama, robo fainali ya Kombe la Dunia. Morocco na Ureno bado hazijafungana na mapumziko yanakaribia. Dakika ya 42 beki wa kushoto wa Morocco, Yahia Attiat-Allah, anapata mpira pembeni, anainua kichwa na kumimina krosi ndefu. Youssef En-Nesyri anaruka kama mtu aliyesahau kushuka, anamwahi kipa Diogo Costa hewani na kuuzamisha kwa kichwa. Bao hilo moja likatosha kuipeleka timu ya Afrika nusu fainali kwa mara ya kwanza.

En-Nesyri wakati huo alikuwa Sevilla ya Hispania. Attiat-Allah alikuwa wa Wydad Casablanca, ligi ya nyumbani kabisa, na siku ile alianza kwa sababu Noussair Mazraoui wa Bayern Munich hakuwa fiti. Kwa hiyo ukimuuliza shabiki wa maproo, yaani wachezaji walioko klabu za nje, atakwambia bao ni la Sevilla. Ukimuuliza anayetetea ligi ya ndani, atakwambia bila ile krosi ya Wydad hakuna bao. Mabishano hayo huzuka kila kikosi cha taifa kinapotangazwa: mbona fulani wa Ulaya kaachwa, mbona ameitwa mtu anayesugua benchi huko aliko, mbona mfungaji bora wa ligi yetu hayupo.

Nimejaribu kuzipima pande hizi mbili kwa mambo yanayoamua matokeo ya timu ya taifa. Nina upande wangu, sitauficha, ila si upande wa moja kwa moja kama nilivyodhani nilipoanza kuipanga mifano.

Ubora: hapa maproo wanaongoza

Mchezaji hukua kwa kukutana na mpinzani anayemzidi kidogo, tena kila wiki. Beki wa kati aliyezoea mshambuliaji anayempa sekunde mbili za kufikiri atashangaa siku atakapokutana na anayempa nusu sekunde. Kasi hiyo haifundishwi kambini kwa siku kumi. Ndiyo sababu timu nyingi zilizotamba Kombe la Dunia kutoka nchi zenye ligi ndogo zilijaa watu wa nje. Senegal iliyoifunga Ufaransa 1-0 mwaka 2002 na kufika robo fainali ilikuwa na kikosi ambacho karibu chote kilikuwa kinacheza Ufaransa kwenyewe. Croatia ilifika fainali ya 2018 ikiwa na wachezaji wawili tu wa ligi ya nyumbani kati ya 23, na hao ni kipa Dominik Livaković na Filip Bradarić. Argentina iliyotwaa ubingwa wa 2022 ilikuwa na mmoja tu kati ya 26, kipa wa akiba Franco Armani wa River Plate.

Lakini kabla hujafunga hesabu, itazame Brazil. Kikosi chake cha 2022 kilikuwa na watu watatu tu wa ligi ya nyumbani, yaani kilifanana sana na kile cha Argentina, na kilitolewa robo fainali na Croatia. Makombe ya 1958, 1962 na 1970 Brazil iliyabeba bila mchezaji hata mmoja wa klabu ya nje. Tangu 2002 haijabeba tena, ingawa wachezaji wake wamejaa kila ligi kubwa ya Ulaya. Sisemi kutoka nje ndiko kulikoiponza. Mpira wenyewe umebadilika na mabingwa wa Ulaya hawakukaa wakisubiri. Ninachosema ni kwamba kama kuwa na maproo kungetosha, Brazil ingekuwa na nyota nane kifuani sasa hivi, moja kwa kila Kombe la Dunia. Argentina ilikuwa na kitu cha ziada: kocha Lionel Scaloni alikuwa akilijenga kundi lake tangu 2018, wakachukua Copa América ya 2021 pamoja, na walipofika Qatar walishajuana nani anakimbilia wapi.

Kuna na mtego mwingine ambao watu huukanyaga bila kuuona. Klabu za nje hazinunui wachezaji wabovu ili ziwafundishe mpira. Zinanunua wazuri. Kwa hiyo taifa lenye maproo wengi mara nyingi ni taifa ambalo tayari lilikuwa na vituo vizuri vya vijana. Sadio Mané, Ismaïla Sarr na Pape Matar Sarr wote walipitia akademi ya Génération Foot ya Senegal kabla ya kwenda Metz. Ulaya iliwakomaza, hilo halina ubishi, lakini kazi ya mwanzo ilifanyika Senegal.

Kuzoeana: hapa wa ndani wanaongoza, na kwa mbali

Chukua wiki ya kawaida ya kalenda ya FIFA. Mchezaji anamaliza mechi ya klabu Jumapili usiku. Jumatatu yuko uwanja wa ndege, huenda anabadilisha ndege mara mbili. Jumanne jioni anafika kambini, miguu imevimba kwa safari. Jumatano anafanya mazoezi mepesi pamoja na wenzake, kocha anawaonyesha video, anaelekeza kona na faulo. Alhamisi mechi. Hapo mfumo wa timu umefanyiwa kazi kwa saa moja na nusu, na baadhi ya waliokuwepo walikuwa wanapiga miayo.

Sasa linganisha na mabeki wanne wanaocheza klabu moja. Hao hawahitaji video. Mmoja akisogea, mwingine anafunika bila kuitwa.

Misri ndiyo ushahidi mkubwa zaidi barani. Chini ya kocha Hassan Shehata ilichukua Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) mara tatu mfululizo, 2006, 2008 na 2010, kwa kikosi ambacho uti wake wa mgongo ulikuwa wa ligi ya Misri, Al Ahly ikiwa mbele. Njiani iliwafunga mastaa wa Ulaya wa Ivory Coast, Cameroon na Ghana. Mohamed Aboutrika, aliyefunga bao la fainali ya 2008 dhidi ya Cameroon, alikuwa wa Al Ahly. Kipa Essam El-Hadary wa fainali mbili za kwanza, vilevile.

Ila tusisahau kilichoendelea pembeni. Misri hiyo hiyo, bingwa wa Afrika mara tatu, haikufuzu Kombe la Dunia la 2006 wala la 2010. Ilipofuzu 2018, ikiwa na Mohamed Salah wa Liverpool, ilipoteza mechi zote tatu. Na tangu Salah awe nyota wa dunia, Misri imefika fainali mbili za AFCON, ya 2017 na ya 2021, ikapoteza zote. Nyota mmoja mkubwa zaidi, makombe machache zaidi. Mashabiki wengi wa Misri wa umri fulani ukiwapa wachague kati ya Salah na kikosi cha Shehata, watakaa kimya kidogo kabla ya kujibu.

Jambo la kuangalia katika mfano wa Misri ni kwamba Al Ahly ya miaka ile haikuwa klabu ya kawaida ya ndani. Ilikuwa bingwa wa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2005, 2006 na 2008. Wachezaji wake walikuwa wanacheza mechi za presha, ugenini, mbele ya umati wenye hasira, mara nyingi kwa mwaka. Ukisema "tuwaamini wachezaji wa ndani", lazima uongeze: wa ndani wa klabu gani? Italia ilibeba Kombe la Dunia 2006 kwa wachezaji 23 wote wa Serie A. Hispania ilianza fainali ya 2010 na watu sita wa Barcelona, bila kumhesabu David Villa aliyekuwa ametoka kusajiliwa. Mifano hiyo hutajwa sana na watetezi wa ligi ya ndani, na mimi naona haifai kabisa kutumika hivyo. Kwa Mwitaliano wa 2006, nyumbani ndiko kulikokuwa Ulaya. Hakuwa na haja ya kupanda ndege kwenda kutafuta mpinzani mgumu.

Ukitaka kikosi cha ndani kilichopimwa vizuri kwenye Kombe la Dunia, tazama Saudi Arabia 2022. Wote 26 wa ligi ya nyumbani, kundi kubwa zaidi likiwa la Al Hilal. Waliifunga Argentina 2-1, wakicheza mtego wa kuotea kwa ujasiri ambao huwezi kuufanya na watu waliokutana juzi. Kisha wakafungwa na Poland na Mexico, wakaaga. Qatar nayo ilitumia wachezaji wa ndani tu, wakakaa kambini muda mrefu kuliko timu yoyote, wakafungwa mechi tatu kati ya tatu; lakini kombe la bara la Asia wamelibeba 2019 na 2023. Kuzoeana kunakupa kombe la bara. Kombe la Dunia linakudai na kitu kingine juu yake.

Kocha mmoja, njia mbili

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mzee Hugo Broos, kwa sababu mtu ni yule yule na vikosi ni viwili tofauti kabisa.

Mwaka 2017 alikuwa na Cameroon. Kabla ya AFCON ya Gabon, wachezaji kadhaa wa Ulaya, Joel Matip wa Liverpool akiwemo, walikataa wito. Magazeti yakaizika timu kabla haijaondoka. Broos akabaki na waliokubali, nao wengi bado walikuwa wa klabu za Ulaya, ila si zile kubwa au si wale wenye majina. Katika fainali Misri ilitangulia kufunga, Nicolas Nkoulou akasawazisha, na dakika chache kabla ya filimbi Vincent Aboubakar akaupitisha mpira juu ya beki na kufunga la pili. Watu hupenda kusema Cameroon ile ilishinda bila maproo. Si kweli. Ilishinda kwa maproo waliotaka kuwepo.

Kisha Broos akaenda Afrika Kusini, nchi ambayo haikuwa na kundi kubwa la wachezaji Ulaya. Hakukaa akilalamika. Alichukua Mamelodi Sundowns karibu nzima na kuivalisha jezi ya taifa: kipa Ronwen Williams, mabeki, viungo, zaidi ya nusu ya waliokuwa wanaanza. Katika AFCON iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, Afrika Kusini iliitoa Morocco ile ile ya nusu fainali ya dunia kwa 2-0. Robo fainali dhidi ya Cape Verde ikaenda matuta, na Williams akadaka penalti nne. Wakamaliza nafasi ya tatu, na Oktoba 2025 wakafuzu Kombe la Dunia.

Sundowns wanacheza hatua za mwisho za Ligi ya Mabingwa Afrika karibu kila mwaka. Hilo ndilo lililomrahisishia Broos. Angejaribu mbinu hiyo kwa klabu inayotolewa raundi ya kwanza kila msimu, sidhani kama leo tungekuwa tunamzungumzia.

Benchi la Ulaya dhidi ya dakika 90 za nyumbani

Hapa ndipo makocha wengi wanapokosea, na mashabiki tunawasukuma wakosee. Jina la klabu halichezi. Mchezaji ambaye amecheza dakika 40 katika miezi miwili atakuja kambini na jina zuri na mapafu mabaya. Dakika ya 60 atashika kiuno.

Kanuni yangu ni rahisi: proo anayecheza kila wiki katika ligi ya kati, iwe Ubelgiji, Uswisi, Uturuki au hata daraja la pili la nchi kubwa, ninamchukua mbele ya wa ndani bila kufikiri sana. Proo anayesugua benchi ninamlinganisha na wa ndani kana kwamba wote wanatoka ligi moja, na mara nyingi wa ndani anashinda. Isipokuwa kipa. Kipa wa akiba wa klabu kubwa bado anapigiwa mashuti makali kila siku mazoezini, na stamina si tatizo lake. Ila hata yeye hukosa ile hali ya kuamua atoke au abaki wakati uwanja mzima unapiga kelele.

Na "nje" isimaanishe Ulaya peke yake. Zambia iliyobeba AFCON ya 2012 mbele ya Didier Drogba na ndugu wawili Touré ilikuwa na Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu wa TP Mazembe ya Lubumbashi, klabu iliyokuwa imetwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2009 na 2010. Kwa Mzambia, Lubumbashi ni kuvuka mpaka tu. Nahodha Christopher Katongo alikuwa China. Drogba alikosa penalti ndani ya muda wa mchezo, wakaenda matuta, na Sunzu akapiga ya mwisho: 8-7. Mbwana Samatta naye alipitia Mazembe kabla ya Genk, akabeba Ligi ya Mabingwa ya 2015 na tuzo ya mchezaji bora anayecheza Afrika. Hatua ya katikati ya namna hiyo ina thamani kubwa kuliko kuruka moja kwa moja kwenda kukaa jukwaani Ulaya.

Wachache walio juu, au wengi walio katikati?

Kenya na Tanzania zinatoa somo zuri hapa. Kenya ilikuwa na McDonald Mariga katika Inter Milan iliyobeba Ligi ya Mabingwa Ulaya 2010, kisha mdogo wake Victor Wanyama akapita Celtic, Southampton na Tottenham. Baada ya AFCON ya 2004, Kenya ilisubiri hadi 2019 kurudi. Tanzania haikuwahi kuwa na mtu kwenye klabu za hadhi hiyo kwa muda mrefu hivyo, lakini imefuzu 2019, 2023 na 2025, ikiegemea wachezaji wa Simba, Yanga na Azam, klabu ambazo sasa zinacheza Afrika kila msimu, na Samatta na wenzake wachache mbele. Walipokutana 2019, kweli, Kenya ilishinda 3-2 na Michael Olunga, aliyekuwa Japan, akafunga mawili. Mshambuliaji mmoja mkali anaweza kukushindia mechi. Kufuzu mara tatu ndani ya miaka saba kunataka watu kumi na wanane wa kiwango kinachokaribiana.

Lipo pia kundi la tatu, waliozaliwa ughaibuni. Morocco ya 2022 ilikuwa nao 14 kati ya 26. Comoro iliifunga Ghana 3-2 kwenye AFCON ya 2021 kwa kikosi cha vijana karibu wote waliokulia Ufaransa. Cape Verde, iliyofuzu Kombe la Dunia la 2026, ilimpata beki wake Roberto Lopes, mzaliwa wa Dublin, kwa ujumbe wa LinkedIn. Aliupuuza mwanzoni. Kwa nchi ndogo hii ndiyo njia ya mkato iliyo halali. Gharama yake ni kwamba wanafika wakiwa wamelelewa kimpira mahali tofauti, hivyo kocha anahitaji miaka, si wiki, kuwafanya wafanane.

Basi uchague vipi

Kwa mechi za kufuzu, zinazochezwa mbili mbili ndani ya siku chache na safari ndefu katikati, ningeanza na ukuta wa ndani: kipa na mabeki wa kati wa klabu moja au mbili, wanaojuana. Mbele ningeweka maproo, kwa sababu winga na mshambuliaji wanaweza kuamua mechi kwa tukio moja hata kama walifika juzi. Kwa fainali za mashindano, ambako kuna wiki tatu nne za kambi, upungufu wa kuzoeana unapungua na ubora unapanda thamani. Hapo ningeongeza maproo hadi nyuma.

Usitumie CHAN kama kipimo cha mwisho. Yale ni mashindano ya wachezaji wa ndani peke yao, na ni mazuri kwa kugundua vipaji, lakini Libya iliyabeba 2014 na tangu AFCON ya 2012 haijaonekana tena kwenye fainali za wakubwa. Morocco imeyabeba 2018, 2020 na 2024, ila Morocco ina ligi nzuri, ina akademi na ina maproo, vyote kwa pamoja.

Na kama wewe ni kijana mwenye ofa mkononi unayesoma haya ukijiuliza uende au ubaki, swali la kumuuliza wakala wako si ligi hiyo inaonyeshwa kwenye runinga gani. Muulize nani anacheza nafasi yako pale sasa hivi, ana umri gani, na mkataba wake unaisha lini.

Linabaki swali gumu la nyota mwenye jina, mwenye ubora, asiyetaka kukaa kwenye mfumo. Kocha Stephen Keshi alilijibu kwenye AFCON ya 2013 akiwa na Nigeria. Alimwacha Peter Odemwingie wa Ligi Kuu ya Uingereza, akapigiwa kelele nchi nzima, akaita wachezaji kadhaa wa ligi ya Nigeria akawachanganya na John Obi Mikel na Victor Moses wa Chelsea. Robo fainali dhidi ya Ivory Coast iliyopewa nafasi kubwa kuliko timu zote, bao la ushindi lilifungwa na Sunday Mba, kiungo wa ligi ya nyumbani. Wiki moja baadaye, fainali ya Johannesburg dhidi ya Burkina Faso, mpira ukamdundia Mba tena. Akaunyanyua kumpita beki, akaupiga kabla haujatua. 1-0, na Keshi akawa amebeba kombe lile kama nahodha na kama kocha.